Berlin 1948: hesabu za mtu wa mizigo

Ukitaja daraja la ndege la Berlin, yaani ile kazi ya kulisha mji uliofungiwa njia kwa kutumia ndege tu, watu wanakumbuka chokoleti. Yule rubani Mmarekani, Gail Halvorsen, aliyekuwa anawadondoshea watoto pipi zimefungwa kwenye leso kama parachuti. Stori tamu na ni ya kweli, sina ugomvi nayo, ila mimi kazi yangu ni kupanga mizigo kwenye ndege, mwaka wa kumi na nne huu hapa Dar, na nikisoma habari ile macho yangu yanaenda kwenye maji. Nitawaeleza maji gani.

Kwanza ilikuwaje. Vita ya Pili ya Dunia imeisha, Ujerumani imegawanywa kwa wakubwa wanne, Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi, na Berlin nayo imegawanywa vilevile, tatizo ni kwamba Berlin yenyewe iko katikati ya eneo la Warusi, kilomita zaidi ya 150 ndani huko. Juni 1948 nchi za magharibi zikaleta pesa mpya, Deutsche Mark, Stalin, kiongozi wa Warusi, hakupenda kabisa, na tarehe 24 Juni barabara, reli na mifereji ya kwenda Berlin Magharibi, upande wa wale watatu wengine, vikafungwa. Ndani kuna watu zaidi ya milioni 2. Stoo kuna chakula cha siku kama 36 na makaa ya mawe ya siku 45, basi.

Sasa kwa nini anga halikufungwa? Karatasi. Njia za ardhini watu walikubaliana kwa mdomo tu, lakini njia tatu za anga, kila moja upana kilomita 32, ziliandikwa na kukubaliwa Novemba 1945. Kuzifunga ingebidi utungue ndege, na hapo umeanzisha vita nyingine. Kinachonichekesha, ofisi ya pamoja ya usalama wa anga pale Berlin haikufungwa muda wote wa mzingiro, yaani afisa wa Kirusi anakaa meza moja na wenzake wa magharibi anapewa taarifa za ndege zinazoingia kuvunja mzingiro wa serikali yake mwenyewe.

Haya, hesabu. Kila kitu sasa kije kwa ndege, na mji unahitaji kama tani 4,500 za mzigo kwa siku. Ndege waliyoanza nayo Wamarekani ni C-47, ile Dakota ya injini mbili, inabeba tani kama 3. Gawanya mwenyewe: safari 1,500 kila siku, kiangazi na masika, usiku na mchana. Haiwezekani, viwanja viko viwili tu, Tempelhof na Gatow. Ila C-54 ya injini nne inabeba tani 10, sasa safari zinashuka hadi 450, na siku ina dakika 1,440, kwa hiyo ni ndege moja kila dakika tatu na kitu. Ndo maana ukisoma popote utakuta wanasema ndege ilitua kila dakika tatu. Ndege ndogo na ndege kubwa zote zinachukua nafasi moja ileile ya kutua, na ile ndogo juu ya hapo inaenda taratibu na kuwaziba wenzake nyuma, kama bajaji kwenye njia ya mwendokasi. Kufika mwanzoni mwa Oktoba Wamarekani wakawa wameziondoa Dakota zao kwenye kazi hiyo.

Upande mwingine wa hesabu ndo hayo maji. Kiazi sehemu kubwa ni maji, na maji Berlin yapo, kwa nini uyapandishe ndege? Wakaleta viazi vya kukaushwa, ambavyo wenyeji hawakuvipenda hata kidogo. Mkate karibu theluthi ni maji, basi unaleta unga, waokaji wa Berlin wataoka. Nyama toa mifupa. Maziwa ya unga, mboga za kukausha. Niliwahi kupokea shehena ya magunia yaliyonyeshewa njiani, karatasi inasema uzito huu na mzani unasema mwingine kabisa, tukashusha baadhi, mwenye mzigo akanitukana akidhani nataka hela ya soda, kumbe alikuwa analipia mvua. Toka siku ile watu wa Berlin nawaelewa vizuri sana.

Chumvi nayo ilikuwa na shida yake. Chumvi inakula chuma cha ndege, nyaya na kila kitu, ila Waingereza walikuwa na Sunderland, ndege za majini, ambazo toka mwanzo zimepakwa dawa ya kuzuia kutu ya bahari. Basi zikawa zinapakia Hamburg kwenye mto Elbe na kutua ziwani Havel, hadi barafu ilipokuja Desemba zikasimama. Huyo aliyewaza hivyo mimi ningempa medali kabla ya rubani yeyote.

Lakini siku iliyobadilisha kila kitu ni Ijumaa tarehe 13 Agosti. Bosi mpya, Jenerali William Tunner, jamaa aliyesimamia ndege za mizigo juu ya Himalaya wakati wa vita, alikuwa njiani kwenda Tempelhof kumkabidhi rubani mmoja saa ya dhahabu iliyotolewa na mzee wa Berlin. Mawingu yamekaa juu ya mapaa, mvua inapiga mpaka rada haioni. C-54 moja ikapitiliza mwisho wa barabara ya kutulia ndege ikawaka moto, ya pili ikafunga breki kwa nguvu kuikwepa matairi yakapasuka, ya tatu ikashukia barabara iliyokuwa bado inajengwa. Marubani wakapona wote. Ila huko juu ndege zinazidi kuja na zimepangwa ghorofa kwa ghorofa zinazunguka kwenye mawingu, hakuna anayeshuka, na Tunner mwenyewe yumo kwenye rundo hilo. Akachukua redio akaamuru wote walio juu yake na chini yake warudi walikotoka, yeye ashushwe.

Kesho yake sheria ikawa moja: una nafasi moja tu ya kutua. Ukikosa huzunguki kujaribu tena, unarudi Ujerumani Magharibi na makaa yako yote na kupanga foleni upya. Inauma kumrudisha mtu na tani 10 alizofika nazo mpaka mlangoni, mimi najua inavyouma, lakini ukimhurumia huyo mmoja unawaharibia ishirini walio nyuma yake. Na hali ya hewa iwe nzuri au mbaya, kila mtu anaruka kwa kufuata vyombo vya ndege, si macho, urefu ule ule, spidi ile ile. Njia za kaskazini na kusini za kuingilia, ya kati ya kutokea.

Chini nako aliwabana. Marubani walikuwa wanashuka kwenda kantini kunywa kahawa na kupiga stori, akapiga marufuku, kahawa ikawa inawafuata kwenye gari pale pale kwenye ndege, ikigawiwa na mabinti warembo wa Kijerumani, na mtu wa hali ya hewa naye anakuja na taarifa mkononi. Makuli wa Berlin walikuwa wanamaliza tani 10 kwa dakika chache, magunia ya makaa mgongoni. Theluthi mbili ya mzigo wote wa miezi ile ni makaa, na vumbi lake lilikuwa linaingia kila tundu la ndege. Wakati huohuo uwanja wa tatu, Tegel, ulijengwa kwa miezi kama mitatu na wenyeji, wengi wao wanawake, kwa vifusi vya nyumba zao zilizopigwa mabomu.

Pasaka ya Aprili 1949 wakaingiza karibu tani 13,000 ndani ya saa 24, na tarehe 12 Mei Warusi wakafungua njia. Watu 101 walikuwa wamekufa kwenye kazi hiyo.

Swali ambalo mtu wa mizigo lazima aulize: zinarudi na nini? Maana ndege kurudi tupu ni dhambi kwetu. Zilirudi na watoto waliodhoofika, na wagonjwa, na bidhaa za viwanda vya mji ule. Taa za balbu, kwa mfano, kutoka mji ambao nyumbani umeme unawaka saa chache tu kwa siku, na maboksi yamegongwa muhuri wa Kijerumani kwamba zimetengenezwa katika Berlin iliyozingirwa.