Kwa Nini Kuchemsha Uji wa Mtoto Hakuondoi Sumu ya Kuvu?

Mtoto anapofikisha miezi sita, familia nyingi za Kisumu, Kakamega na Nakuru humwanzishia uji wa mchanganyiko: mahindi, wimbi, mtama, njugu karanga, soya na pengine omena, vyote vikiwa vimesagwa pamoja. Uji ukishatokota vya kutosha, mama huamini kwamba kila kilichoweza kumdhuru mtoto kimekufa sufuriani. Kuhusu vijidudu vingi ana haki ya kuamini hivyo, lakini kuhusu aflatoksini, yaani sumu ya kuvu, imani hiyo haina msingi.

Kuvu ni kiumbe hai, na moto huiua. Aflatoksini si kiumbe bali ni kemikali ambayo kuvu, hasa aina ya Aspergillus flavus, huitengeneza na kuiacha ndani ya punje, nayo hubaki humo hata kuvu yenyewe ikiwa imekufa. Kemikali hiyo huanza kuvunjika kwa kiasi cha maana joto likipita nyuzi 150 hivi, na ikiwa safi huyeyuka kwenye nyuzi 268. Maji ya pwani huchemka kwa nyuzi 100. Ya Nakuru, iliyo mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Hata uji ukikaa jikoni mchana kutwa, hauwezi kufikia joto linalohitajika.

Sumu hii ilianza kujulikana mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga. Hapa Kenya, mwaka 2004 mahindi yenye sumu yaliwaua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliotambuliwa, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Tangu hapo wengi wa magharibi wamelichukulia jambo hili kuwa balaa la Ukambani, na hilo linanisikitisha, kwa sababu mavuno ya masika katika kaunti nyingi za magharibi huanikwa Julai na Agosti, wakati mvua haijaisha na turubai hukunjwa mara kwa mara kabla punje hazijakauka.

Mtoto ndiye anayeumia zaidi. Anakula chakula kingi kikilinganishwa na uzito wa mwili wake, anakula kile kile asubuhi na jioni, na ini lake bado ni changa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu watoto 480 wa Benin na Togo ulikuta dalili za aflatoksini katika damu ya asilimia 99 kati yao. Waliokuwa wameachishwa ziwa kabisa walikuwa na kiwango cha juu kuliko waliokuwa bado wananyonya, na wenye kiwango kikubwa walikuwa wafupi na wepesi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao. Kwa watu wazima, sumu hii husababisha saratani ya ini, na hatari huongezeka sana kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Viwango vya Afrika Mashariki huruhusu mahindi yasizidi mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo, na aina ya B1, iliyo kali kuliko zote, isizidi 5. Umoja wa Ulaya, kwa nafaka za watoto wachanga, hauruhusu zaidi ya 0.1 ya B1, yaani sehemu moja ya hamsini ya kiwango hicho chetu cha B1.

Kwa hiyo kazi ya kumkinga mtoto hufanywa kabla ya kwenda kusaga. Sumu haisambai sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu ya gorogoro nzima, na ndiyo maana kuchambua kwenye ungo kunasaidia kuliko kupika: toa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na fukusi, zilizosinyaa, na zile zenye rangi ya kijani au manjano kwenye kiini. Karanga ndizo za kuogopwa zaidi pamoja na mahindi, hivyo zinunuliwe zikiwa nzima, kwani zilizokwisha kusagwa haziwezi kukaguliwa kwa macho.

Ukavu nao unaweza kupimwa nyumbani. Tia mahindi robo ya chupa kavu ya glasi, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha uache chupa itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, unyevu unazidi asilimia 15. Ghala salama hutaka usizidi 13.5.

Punje zilizotolewa kwenye ungo zisipewe ng'ombe wa maziwa, kwani mwili wake hugeuza sehemu ya sumu kuwa aflatoksini M1, inayotoka kwenye maziwa ambayo mtoto yule yule atakunywa. Zichimbiwe shimo, zifukiwe.