CD77 si protini, acheni kuniletea bloku za nta

Jumatatu imefika nyingine. Bloku ya nta yenye kipande cha tishu ndani, imepanda basi toka Iringa hadi Mbeya, imefungwa vizuri kama keki ya harusi. Mwanafunzi wa uzamili anataka tumpimie CD77, alama iliyo juu ya baadhi ya seli, na ameambatisha ujumbe: mara ya kwanza kingamwili ya kuitambua "haikufanya kazi", tafadhali tununue nyingine.

Kingamwili haina kosa.

Dhana: Kila chenye jina la CD ni protini, kama CD4.

CD ni namba ya orodha tu, orodha ya alama zilizo juu ya seli. Orodha ilianza kupangwa Paris mwaka 1982, kwa sababu kila maabara ilikuwa na jina lake kwa kitu kilekile. Namba haikuambii kitu kimeumbwa kwa nini. CD4 ni protini, sawa. CD77 ni glaikolipidi, yaani mafuta yenye sukari: galaktosi mbili na glukosi moja juu ya seramidi, na seramidi ndiyo mafuta yaliyozama kwenye utando wa seli. Asidi amino hakuna hata moja.

Sasa ifuate safari ya ile bloku. Fomalini hushika protini. CD77 haina pa kushikwa. Ikaja alkoholi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikaja zailini, nayo huyeyusha mafuta, ndipo nta. Umesuuza chungu cha mafuta kwa petroli, halafu unaniuliza mafuta yamekwenda wapi! Wanaoshikiza seli kwenye slaidi kwa methanoli, nanyi ni walewale. Na wa westani bloti, kipimo cha kutafuta protini, msihangaike kutafuta mstari wa protini ambayo haipo. Lipidi hii hutenganishwa kwa kromatografia ya safu nyembamba.

Nimesema na nitasema tena: leteni seli hai. Tuzipake kingamwili zikiwa juu ya barafu, kisha ziingie kwenye floo saitometa, mashine inayosoma seli mojamoja. Kama ni tishu, igandishwe na ikatwe ikiwa imeganda. Halafu someni lebo ya kichupa. Kingamwili za CD77, kloni 5B5 ya panya na 38-13 ya panya buku, zote ni za aina ya IgM. Ukiweka kingamwili ya pili, ile ya kuionyesha ya kwanza, inayotambua aina ya IgG peke yake, utakaa gizani mpaka jioni.

Dhana: CD77 ikionekana, ni limfoma ya Burkitt, saratani ya seli B za kinga.

Hapana. Seli B za kawaida zinazokomaa ndani ya tezi za limfu huwa nayo. Mafindofindo ya mtu asiye na saratani yanaonyesha CD77 vizuri, ndiyo maana nayatumia kama sampuli ya kulinganishia. Yakikosekana, natumia seli za Daudi, zilizotokana na kijana wa Kenya aliyeugua Burkitt miaka ya 1960.

Dhana: CD ni kipimo cha UKIMWI.

Hii ni ya wagonjwa, nao siwalaumu. Lakini hata CD4 haigundui virusi. Inaonyesha kinga imefikia wapi.

Dhana: Baridi ya Mbeya inatosha, kichupa cha kingamwili kikae mezani.

Juni usiku labda utadanganyika. Saa saba mchana jua linapiga dirishani. Jokofu, nyuzi 2 hadi 8, basi. Na likijaa msikihamishie kwenye friza: kingamwili iliyounganishwa na rangi ya PE ikishaganda, imekwisha.