Je, wajua? Amani ya Israel na Syria ilikwama ufukweni mwa ziwa

Ukisoma Injili unalikuta likiitwa Bahari ya Galilaya. Kwa kweli ni ziwa la maji baridi, la kilomita za mraba 166 hivi. Ufukwe wake wa kaskazini-mashariki ndio uliokwamisha mapatano yaliyokuwa yamefika karibu sana.

Mwaka 1923 Uingereza, iliyoitawala Palestina, na Ufaransa, iliyoitawala Syria, zilichora mpaka. Kwenye kipande hicho mstari ulipita mita 10 tu kutoka majini, ili ziwa lote libaki Palestina. Hatua kumi na tano kutoka kwenye maji, umeshavuka mpaka! Lakini baada ya vita vya 1948, kati ya Israel iliyokuwa imezaliwa Palestina na majirani zake Waarabu, wanajeshi wa Syria walishuka hadi majini, na hapo ndipo walipokuwa tarehe 4 Juni 1967, siku moja kabla ya vita ambavyo Israel iliwapokonya Golan, nyanda za juu zilizo mashariki mwa ziwa.

Kwa hiyo Syria ilipodai "mpaka wa 4 Juni", ilikuwa inadai kugusa maji. Na anayegusa maji ana haki ya kuyadai. Israel haikuweza kulichukulia jambo hilo kirahisi, kwani tangu 1964 ilikuwa ikivuta maji ya ziwa hilo kwa mabomba na mifereji hadi kusini kwenye ukame.

Mwaka 1993 Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israel, alimdokezea waziri wa mambo ya nje wa Marekani kwamba angeweza kuirudisha Golan yote, ila ahadi hiyo aifiche mfukoni mpaka Syria ionyeshe itatoa nini. Hafez al-Assad, rais wa Syria, naye alitaka kwanza ahadi, ndipo azungumzie mabalozi na usalama. Kila mmoja alimngoja mwenzake atangulie. Hapo naona ndipo penye kiini cha ugumu, kuliko hata maji. Linganisha na Misri na Israel: ziligombania Taba, kipande kidogo cha pwani ya Sinai, wakaamua wasuluhishi, na 1989 Misri ikakabidhiwa. Ila hao walikuwa wameshatia saini mkataba wa amani miaka kumi nyuma.

Machi 2000, mjini Geneva, Bill Clinton alimpelekea Assad pendekezo la Ehud Barak, waziri mkuu wa Israel wakati huo: Golan irudi, ukanda mwembamba wa ufukwe ubaki Israel. Assad akakataa papo hapo. Juni mwaka huo akafariki.

Leo sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya Israel hutoka baharini, yakiondolewa chumvi. Golan haijarudi, na Desemba 2024, utawala wa Bashar, mwana wa Assad, ulipoanguka, wanajeshi wa Israel walisonga mbele zaidi ndani ya Syria.