Mekong haigeuki, ni Tonle Sap

Wengi huamini kwamba Bon Om Touk, sikukuu ya maji ya Wakhmer nchini Kambodia, huadhimisha Mto Mekong kurudi nyuma. Sivyo. Mekong haugeuki hata siku moja. Unaogeuka ni Tonle Sap, mto unaokutana nao Phnom Penh, mji mkuu: wakati wa mvua Mekong hufura ukausukuma urudi kwenye ziwa unakotoka, na mvua zikikatika maji ya ziwa hushuka tena kuelekea baharini. Hapo ndipo, mwezi ukiwa mpevu, kwa kawaida Novemba, mitumbwi mirefu yenye makumi ya wapiga kafi hushindana siku 3. Usiku watu huuamkia mwezi, wakala ambok, mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, pamoja na ndizi. Mpemba angeuita pepeta.