"Mimi si Raia, Kura Hainihusu"

Juzi jioni dada mmoja Mkenya alimwaga bahasha zake mezani kwangu tutafute hati za mshahara. Moja ilikuwa imetoka kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, ina miezi mitatu, haijafunguliwa. Ndani yake alikuwa anaombwa ajiandikishe kupiga kura. Nikamuuliza mbona hakuifungua. Jibu lilikuwa lile lile ninalolisikia kila wiki: "Mimi si raia, kura hainihusu."

Nawasaidia wenzetu wa kazi ya kea, yaani kutunza wazee na wagonjwa, hapa Uingereza, na hakuna sentensi inayoniuma kama hiyo. Si kweli! Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda mwenye miaka 18 anayeishi Uingereza kihalali anapiga kura, ya udiwani na ya ubunge pia. Nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Madola, na sheria ya uchaguzi ya Uingereza inawatambua raia wa Jumuiya hiyo kuwa wapiga kura. Ni mabaki ya enzi za himaya. Himaya imekwisha, haki imebaki, na Rwanda ambayo haikutawaliwa na Mwingereza iliipata ilipojiunga mwaka 2009. Viza ya kazi inatosha, ya masomo inatosha. Ambaye viza yake imekwisha asijiandikishe kwa kubahatisha, maana kutoa taarifa za uongo kwenye fomu ile ni kosa la jinai.

Watanzania wengi wananiambia wanaogopa kupoteza uraia wao. Jamani, kupiga kura si kuomba uraia. Hakuna kiapo, hakuna pasipoti mpya. Kwenye fomu unaandika wewe ni Mtanzania, na haki hiyo unaipata kwa sababu wewe ni Mtanzania.

Wengine wanasubiri kadi. Nyumbani tumezoea kichinjio, yaani kadi ya mpiga kura. Huku kadi inayoletwa na posta inakujulisha kituo chako tu, hata ukiipoteza unapiga. Unachotakiwa kuonyesha hapa England ni kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya Kenya au Tanzania inakubalika. La lazima ni jina lako liwe kwenye daftari siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Ndiyo maana nawaambia watu: ukihamia nyumba mpya, jiandikishe wiki hiyo hiyo, kabla hata ya kufunga intaneti.

"Lakini kura yangu moja itabadilisha nini?" Katika uchaguzi mkuu wa Julai 2024 waliojitokeza walikuwa chini ya asilimia 60 ya walioandikishwa. Jimbo la Hendon, kaskazini mwa London, liliamuliwa kwa kura 15. Mimi najua nyumba mbili za wahudumu wa kea zenye watu zaidi ya hao.

Sasa turudi kwa yule dada, maana shida iliyomleta ni mshahara. Alikuwa akianza kwa mteja wa kwanza saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, mzee huyu nusu saa, bibi yule dakika 45, katikati yuko kwenye basi. Saa 6 za kazi, analipwa saa 4 na nusu kwa pauni 12.60, yaani pauni 56.70. Gawanya kwa 6 upate 9.45. Kima cha chini kwa mwenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 tangu Aprili 2025. Muda wa kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine ni muda wa kazi katika hesabu ya kima cha chini. Usiohesabika ni wa kutoka kwako kwenda kwa mteja wa kwanza.

Na bei ya saa hizo inapangwa wapi? Hapa England sehemu kubwa ya huduma ya wazee majumbani inanunuliwa na kaunsili. Ikinunua kwa bei ya kutupa, kampuni inabana kwenye muda wako wa basi. Madiwani wanaopitisha bajeti hiyo ndio wanaogonga mlango wako kuomba kura, na wewe unajificha ukidhani ni watu wa dini. Fungua mlango. Waulize kaunsili inalipia muda wa safari au hailipii.

Mengine ninayoambiwa nitayapitia haraka. "Nikijiunga na chama cha wafanyakazi watanifutia viza." Hapana. Sheria inamkataza mwajiri kukufukuza kwa uanachama, na siku za mgomo halali hazihesabiwi katika zile wiki 4 za kukaa bila mshahara ambazo zikizidi mwajiri huacha kukudhamini.

"Sina mkataba, sina haki." Kima cha chini na likizo ya malipo ya wiki 5.6 kwa mwaka ni vyako hata kama mlikubaliana kwa mdomo. Kutokukupa maelezo ya kazi kwa maandishi siku ya kwanza ni kosa la mwajiri.

"Baraza la kazi ni la wenye pesa." Ada ya kufungua shauri iliondolewa Julai 2017, baada ya chama cha UNISON kushinda Mahakama ya Juu. Anza na ACAS, shirika la usuluhishi wa migogoro ya kazi, nao hawatozi kitu.

Turudi kwenye kura. Wakongo na Warundi hawamo katika Jumuiya ya Madola, kwa hiyo kura ya ubunge wa Uingereza hawana. Lakini anayeishi Scotland au Wales kihalali anachagua madiwani na bunge la huko.

Yule dada alijiandikisha pale pale kwa simu yake, chai haijapoa. Kwenye uraia akaandika Kenya.