Krauni Mbovu Ni Ushahidi, Usikubali Itupwe

Wagonjwa wengi wanaokuja kwetu kutafuta msaada wa kisheria huwa wameshachelewa hatua moja. Krauni, yaani kofia ya bandia inayovishwa jino, iliuma kila walipotafuna, au daraja la meno, yaani jino la bandia linaloziba pengo kwa kuegemea meno ya jirani, lililegea na jino lililolibeba likaoza chini kwa chini. Wakaenda kwa daktari mwingine, kazi ya kwanza ikatolewa, ikatupwa, jino likatengenezwa upya. Kiafya wamefanya vyema. Kisheria wameufuta ushahidi wao mkubwa.

Kwa hiyo, isipokuwa kuna usaha au uvimbe usiosubiri, mwombe daktari wa pili apige eksirei na picha za kinywani kabla hajagusa chochote, na aandike alichokikuta. Je, ukingo wa krauni umeacha upenyo? Saruji ya kubandikia krauni imebaki chini ya fizi? Jino limechongwa kupita kiasi? Krauni ikishatolewa, iombe, uihifadhi kwenye kifuko chenye tarehe.

Hata hivyo, maumivu peke yake hayathibitishi uzembe. Neva ya jino yaweza kufa baada ya kuchongwa hata mikononi mwa daktari makini, na hakuna krauni ya milele. Mahakama huuliza hasa mambo mawili: daktari alifanya kazi chini ya kiwango kinachotarajiwa katika fani yake? Na kasoro hiyo ndiyo iliyoleta madhara? Swali la pili huwaangusha wengi. Kama fizi zilikuwa zikiugua tangu zamani, utetezi utadai jino lingepotea vyovyote vile. Hapo eksirei iliyopigwa kabla ya matibabu ndiyo huamua mengi. Kama haikupigwa kabisa, hiyo nayo ni hoja yako, hasa kwa daraja, ambalo halifai kuegemezwa kwenye meno ambayo mizizi na mfupa wake havikuchunguzwa.

Kuna pia suala la ridhaa. Daraja la kawaida hudai kuchonga meno ya jirani, pengine mazima kabisa, na kilichochongwa hakioti tena. Uliambiwa hivyo? Ulielezwa kwamba pengo lingeweza kuzibwa kwa njia nyingine, au hata kuachwa? Nchini Uingereza, hukumu ya mahakama ya 2015 katika kesi ya Montgomery ilimtaka daktari amweleze mgonjwa hatari zenye uzito kwake na njia mbadala zinazofaa. Kila nchi ina kipimo chake. Lakini popote ulipo, usidhani sahihi yako kwenye fomu inahalalisha kazi mbovu.

Anza na malalamiko ya maandishi kwa kliniki, ukiomba nakala ya kumbukumbu zako zote. Wakikubali kurudisha pesa, soma karatasi kabla ya kusaini: maneno "malipo ya mwisho" yanaweza kukufungia mlango wa kudai zaidi. Baraza la taaluma laweza kumwadhibu daktari, ila kwa kawaida halilipi fidia; hiyo hutafutwa kwa maelewano au mahakamani. Na katika kudai, usiishie kwenye bei ya krauni ya kwanza. Kuna maumivu, kipato kilichopotea, na gharama ambayo watu husahau: kijana aliyeharibiwa jino atabadilisha krauni zaidi ya mara moja maishani.

Muda wa kufungua shauri una ukomo. Mahali pengine huhesabiwa tangu siku ya matibabu, kwingine tangu ulipogundua madhara, na barua za kujibizana na kliniki kwa kawaida haziusimamishi. Muone wakili hata kama bado unasubiri jibu lao.