Babu Hayumo kwa Jina Lake: Namna ya Kuzisoma Nyaraka za Zamani za Tanga

Anayekuja kutafuta habari za wazee wake kwa kawaida huanza na jina. "Namtafuta babu yangu, fulani bin fulani, alifanya kazi kwenye mkonge huku Tanga." Namkaribisha kiti, kisha namuuliza mambo ambayo kwake ni ya pembeni: shamba gani? Alitoka wilaya gani? Jumbe wa kwao alikuwa nani? Wapo wanaokunja uso, wakidhani nawapiga danadana za ofisini.

Sivyo. Jalada la serikali halikufunguliwa ili babu akumbukwe. Lilifunguliwa kwa sababu ofisi ilitaka kitu: kodi, watu wa kazi, ardhi, au habari za nani anamchochea nani. Ukishajua ofisi ilitaka nini kwa babu yako, umeshajua kabati gani la kufungua. Jina linakuja baadaye, na mara nyingi linakuja limeandikwa vibaya.

Tuanze na mkonge, maana ndio unaoleta wageni wengi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka, na sehemu kubwa ilitoka mkoa huu. Mkonge haujikati. Watu wa hapa, Wadigo, Wabondei na Wasambaa, walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kukata majani ya mtu mwingine mwaka mzima, basi watu wakafuatwa mbali: Kigoma, Songea, Njombe, hata Ruanda-Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, kazi yake ikiwa ni kusomba watu kutoka mikoani na kuwaleta mashambani.

Watu hao tukawaita manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Neno hilo lenyewe ni nyaraka. Linakwambia kwamba katika kitabu cha shamba mtu alitambuliwa kwanza kwa namba na wilaya aliyotoka, ndipo jina, tena jina kama lilivyomfikia karani wa Pwani masikioni kutoka kinywani mwa Muha au Mngoni. Kwa hiyo mjukuu anayejua "Kasulu, shamba la karibu na Korogwe, miaka ya hamsini" ana nafasi nzuri kuliko anayejua majina matatu kamili na hana kingine.

Pamoja na namba kulikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku uliyomaliza kazi yako uliyopimiwa ilitiwa alama. Ambayo hukumaliza haikuhesabiwa. Kadi ikijaa ndipo mshahara unatoka. Ukikipata kipande sandukuni kwa bibi, usikitazame kama risiti tu. Angalia mapengo kati ya alama. Hapo ndipo unapoona homa, msiba, mvua za masika, au mtu aliyechoka akaamua kulala.

Kodi nayo ina mantiki yake. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, ikihesabiwa kwa rupia. Angalia neno: kodi ya *nyumba*. Daftari lililotokana nayo linahesabu mapaa, halihesabu watu. Kaka watatu wanaoishi chini ya paa moja wanaweza kuonekana kama mtu mmoja, na mwanamke kwa kawaida hajitokezi mpaka awe ndiye mwenye nyumba. Mtu akiniambia "bibi yetu hayumo popote," namjibu kwamba aliyeshika kalamu hakuwa na haja naye.

Vyeti vya kuzaliwa ndivyo vinavyowavunja watu moyo zaidi. Sheria ya Waingereza ya 1920 ya kuandikisha vizazi na vifo iliwalazimisha Wazungu na Waasia. Waafrika wengi hawakubanwa nayo kwa miaka mingi baadaye. Kumtafuta bibi aliyezaliwa 1925 Pongwe kwenye rejista ya serikali ni kuchota maji kwa pakacha. Nenda kwenye dini. Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa Magila, karibu na Muheza, tangu karne ya 19, na Walutheri walifika Tanga mwaka 1890 na Mlalo mwaka uliofuata. Vitabu vya ubatizo huandika jina la mtoto, wazazi na msimamizi. Kwa Waislamu tafuta hati za nikahi, za mirathi na za wakfu. Hizo zinataja mashahidi, na mashahidi mara nyingi ni wajomba na majirani. Kama familia yenu ilibadili dini, kumbuka kwamba mtu huyo huyo ana majina mawili, kila moja katika kitabu chake.

Halafu yako maandishi yenyewe. Karani wa Kijerumani aliandika kwa matamshi ya kwao: Muheza ni *Muhesa*, "ch" ni *tsch*, "sh" ni *sch*, na "j" huweza kuwa *dj* au *dsch*. Mwandiko wao wa mkono wa enzi hizo unawashinda hata Wajerumani wengi wa leo, kwa hiyo usione haya. Upande wa pili kuna barua na hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nazo zina tarehe za Hijria. Usifanye hesabu ya kutoa na kujumlisha kichwani, kwani mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja. Mwaka 1307, kwa mfano, ulianza Agosti 1889, yaani katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, na kukosea mwaka mmoja hapo kunaweza kulitoa tukio ndani ya vita na kulipeleka kabla au baada yake.

Si yote haya yaliyoko Tanga, na hili huwaudhi wenyeji, kwa haki. Boma la zamani la Mjerumani, ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi, ni pa kuanzia kwa picha na historia ya mji. Majalada ya serikali, ya Mjerumani na ya Mwingereza, yanatunzwa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam. Humo pia mna vitabu vya wilaya, ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika kuhusu koo, majumbe, mipaka na desturi. Majalada ya Kijerumani yana safari yake: walipokuwa wakirudi nyuma mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliyafukia ardhini Tabora, na Waingereza wakayafukua baadaye. Ukiona ukurasa wenye baka la unyevu, usimlaumu mtunza nyaraka wa leo. Barua zilizotumwa kwa wakubwa Ulaya ziko Berlin na London. Miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ina mkusanyo mzuri katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na kwa sheria ya nyaraka ya mwaka 2002, jalada la serikali likitimiza miaka 30 kwa kawaida huwa wazi kwa msomaji, kwa hiyo huhitaji kumjua mtu ndani.

Ukishalipata jalada, usiliamini haraka. Amri ya Kijerumani ya 1895 iliifanya ardhi "isiyo na mwenyewe" kuwa mali ya dola. Katika ramani eneo likaonekana tupu. Kwa Mdigo, konde lililopumzishwa miaka kadhaa na mnazi aliopanda babu ni mali ya ukoo, iwe kuna mtu analima leo au hakuna. Ofisa hakusema uongo, alikuwa na swali moja tu, na jibu lake ndilo lililoandikwa. Ndiyo maana mimi husisitiza kusoma jalada na mzee pamoja, na wakipingana, kuandika yote mawili.

Tusiwafanye makarani wote kuwa mashine, hata hivyo. Gazeti la *Kiongozi*, lililochapwa katika shule ya serikali ya Tanga enzi ya Mjerumani, lilijaa barua za walimu na makarani wetu wakielezana habari za bara na pwani. Na aliyekaa katika Ofisi ya Wilaya ya Tanga kuanzia 1946 hadi 1952 akishughulika na makaratasi ya serikali alikuwa Shaaban Robert wa Vibambani. Mimi kila nikiona barua ya Kiswahili safi ya miaka hiyo, hata ya mambo ya kawaida kabisa, huitazama mara mbili.

Sasa la nyumbani, maana nyaraka nyingi za Tanga ziko chini ya vitanda vya Ngamiani na Makorora. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na mchwa hawabagui. Toa pini na vibanio vya chuma, vinashika kutu na kuila karatasi. Selotepu usiiguse kabisa; gundi yake hugeuka kahawia na haitoki. Laminesheni ambayo watu huipenda kwa vyeti inapika karatasi ndani ya plastiki, na hakuna fundi atakayeirudisha. Tumia bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni, na sanduku liinuliwe kutoka sakafuni, mbali na ukuta unaovuja. Piga picha kwa simu kivulini, mbele na nyuma, kwa sababu nyuma ndiko mzee alikoandika hesabu ya deni au tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto. Kwenye picha za watu, andika majina kwa penseli laini, pembeni, upande wa nyuma, wiki hii, wakati shangazi anayewatambua bado anaona vizuri.